Kabla ya main

Kwa miaka mingi nimeandika programu za vifaa visivyo na skrini wala kibodi: mita za umeme, vifuatilia magari, na hasa vifaa vya kulipia maji kwa tokeni vinavyofungwa kwenye vituo vya kuchotea maji vijijini. Vikigoma, hakuna fundi karibu. Umeme ukikatika na kurudi, vinatakiwa viamke vyenyewe, vijipange na viwe tayari kufungua koki kabla mama wa kwanza hajafika na ndoo. Ndiyo maana jambo nililolichunguza kuliko yote katika fani hii ni namna programu inavyoanza.

Nilianzia kwenye meza ya kulehemu bodi, Dar es Salaam. Aliyenifundisha programu alikuwa mhandisi aliyekulia Tanga, sote tukimwita Dada. Siku moja aliniuliza, "Mdogo wangu, hii programu inaanzia wapi?" Nikamwonyesha main. "Hapo imeshafika mbali," akasema. "Rudi nyuma." Akafungua faili la asembli lililokuja pamoja na vifaa vya chipu, tukalisoma mstari kwa mstari mpaka jioni.

Prosesa za Cortex-M zikipata umeme hazijui lolote kuhusu main. Zinasoma namba mbili tu: kwenye anwani 0 zinakuta staki inaanzia wapi, na kwenye anwani 4 zinakuta msimbo wa riseti uko wapi. Msimbo huo ndio unaonakili thamani za mwanzo za vigeu kutoka flashi kwenda ramu, unajaza sufuri kwenye vigeu visivyopewa thamani, kisha unaita main. Kwenye chipu ya STM32 tuliyotumia, ramu ilianzia 0x20000000 na ilikuwa na kilobaiti 20 tu. Nilikaa na dibaga nikipita amri moja moja, nikitazama ramu iliyojaa takataka ikigeuka kuwa vigeu vyenye maana. Furaha ya siku ile ndiyo iliyoniweka kwenye kazi hii.

Ukiongeza FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo ambao Richard Barry aliuanzisha mwaka 2003, safari inakuwa ndefu zaidi. Ndani ya main unaunda taski, kila moja na staki yake, halafu unakikabidhi kipanga ratiba uendeshaji wote. Ninapopenda zaidi ni hapa: taski ambayo haijawahi kukimbia hata mara moja inaandaliwa staki kana kwamba ilikuwa inakimbia ikakatizwa. Kerneli inaandika mle anwani ya kazi yake, kigezo chake, na namba 0x01000000 ya rejista ya hali, kama unavyomtandikia mtu kitanda na kumwekea kandambili mlangoni ilhali hajawahi kulala nyumba hiyo. Kisha inatoa amri ya SVC, prosesa inaingia kwenye ukatizaji, na inapotoka "inarudi" mahali ambapo haijawahi kufika. Taski ya kwanza imeanza.

Anayepita hapo harakaharaka ataumia. Kwenye prosesa nyingi za Cortex-M, staki iliyokuwa ya main hurudishwa mwanzo wakati huo ili itumiwe na ukatizaji. Nimewahi kuitwa kusaidia mradi ambao data zake zilikuwa zinaharibika bila mpangilio. Kumbe bafa ilitangazwa ndani ya main, na taski zilikuwa bado zinaishikilia. Tena, taski zenye kipaumbele sawa zikiundwa kabla ya kipanga ratiba kuanza, iliyoundwa mwisho ndiyo hutangulia. Mpangilio wa mistari kwenye faili si mpangilio wa kuanza.

Lakini somo zito nililipata kanda ya kati, kwenye kituo kilichokuwa kinakufa kila asubuhi ya mawingu. Kifaa kilitumia paneli ya jua, na programu yake tuliipokea tayari kutoka kwa mtengenezaji. Mezani kwetu kiliwaka vizuri kila mara. Mzee aliyekuwa mlinzi wa kituo ndiye aliyenipa ufunguo: "Mwanangu, kikishapata jua la saa tatu hakina shida."

Kesho yake alfajiri nilifunga osiloskopu kwenye waya wa umeme. Betri ilikuwa imechoka, usiku inaisha kabisa. Jua likichomoza, volteji ilipanda taratibu. Prosesa, isiyohitaji umeme mwingi, ikaamka mapema, ikaunda taski zote kwa mkupuo, na taski ya mawasiliano ikawasha modemu ya GSM. Modemu ya namna hiyo ikituma mawimbi kwa mnara huweza kuvuta umeme wa hadi ampea 2 kwa kitambo kifupi. Volteji ikaanguka, prosesa ikazimika, paneli ikaipandisha tena, ikaanza upya kutoka anwani 0. Nyuma yangu foleni ya ndoo ilikuwa inarefuka, na watoto walikuwa wanachelewa shule.

Tuliandika mwanzo mpya. Main ikaunda taski moja tu. Taski hiyo husoma rejista inayoonyesha chanzo cha riseti, hupima volteji ya betri, kisha huunda taski ya tokeni na koki. Modemu husubiri mpaka volteji itulie juu ya kiwango tulichoweka. Kwa kuwa tokeni hukaguliwa ndani ya kifaa chenyewe, maji yanatoka hata kama mtandao haujapatikana. Ikimaliza, taski ya mwanzo hujifuta, na ile taski ya kerneli inayokimbia wakati nyingine zote zimelala huirudisha kumbukumbu yake.

Siku hizi vijana wanaojiunga nasi hawaandiki kitu mpaka waeleze kwa karatasi na kalamu safari nzima, kuanzia anwani 0 hadi taski ya kwanza. Na karakana yetu ina chanzo cha umeme kinachopandisha volteji polepole, kinaiangusha, kinaipandisha tena, usiku kucha. Toleo lisilovuka hapo halipakiwi kwenye gari.