Fobaifo ya Baba na Taa Iliyonidanganya

Najua huu ni ukurasa wa tarakilishi na programu, na mara ya mwisho niliahidi tutaendelea na hifadhidata. Hiyo itangoja kidogo. Juzi mwenzangu wa kazini alinunua pikapu kuukuu, akaniuliza, "Hivi huu mkono wa pili wa gia, huu mfupi, ni wa nini?" Nilicheka, kisha nikakumbuka matope ya Kinangop na kicheko kikaisha.

Gari lenyewe ni la Baba. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, dizeli ya lita 2.8. Amebebea viazi, maziwa, maharusi na majeneza. Mwaka 2023 Baba alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayatoki sawasawa. Funguo zikaja kwangu. Sasa mimi nina digrii ya sayansi ya tarakilishi, nimeandika programu zinazohesabu pesa za watu, basi nikajiambia gari la mikono miwili ya gia haliwezi kunishinda. Sikuuliza mtu. Na mwenye kujua hakuweza kunieleza.

Aprili 2024 mnaikumbuka, mvua ile iliyofurika nchi nzima. Baba alikuwa na siku yake ya kliniki Naivasha na dawa za presha zilikuwa zimebaki za siku moja. Kutoka kwetu hadi kwenye lami ni kilomita nne hivi. Udongo wa kule ukilowa haunywi maji upesi, unakuwa kama sabuni. Tulifika katikati, mahali malori ya viazi yalikuwa yameacha mitaro miwili mirefu, na gari likakaa.

Sikuwa na wasiwasi. Nilivuta mkono mfupi kutoka H2 hadi H4. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga mafuta. Tairi za nyuma zikazunguka na gari likashuka kidogo. Nikaweka L4, nikakanyaga zaidi. Injini ikanguruma, matope yakaruka mpaka juu ya paa, na sasa ekseli ya nyuma ikawa imelala chini.

Baba, aliyekuwa kiti cha abiria, alianza kuzungusha mkono wake wa kushoto hewani. Nikadhani anataka hewa. Nikamfungulia dirisha, lile la kuzungusha kwa mkono, mvua ikaingia ikamlowesha. Akatikisa kichwa, akazungusha tena, kwa hasira sasa. Nikafunga dirisha. Akapiga mlango kofi.

Jirani mmoja aliyekuwa anarudi kupeleka maziwa alisimama akatutazama. Akasema, "Kijana, mbona magurudumu ya mbele hayazunguki?"

Nikashuka. Baba akanyosha kidole kuelekea gurudumu la mbele na kuzungusha mkono tena. Hapo ndipo nilipokiona. Katikati ya gurudumu pana kifuniko cha duara chenye kitu cha kuzungusha kwa vidole, na maandishi mawili, FREE na LOCK. Mafundi wetu huita habu. Nilikuwa nimeosha gari lile mara nyingi na nilidhani ni urembo.

Nieleze kwa lugha yetu. Kwenye Hilux za aina hii, ili nguvu ifike magurudumu ya mbele lazima viungo viwili vifungwe. Mkono mfupi ndani unaunganisha sanduku la gia na propela ya mbele. Habu zinaunganisha ekseli na magurudumu yenyewe. Ni sharti la "na", si la "au". Mimi nilifunga kimoja, kwa hivyo propela ya mbele ilizunguka na ekseli zikazunguka, ila magurudumu yalikaa tuli. Na ukifunga habu ya upande mmoja tu hujafanya kitu, maana difu itapeleka mzunguko wote upande ulio wazi, ule usiobeba chochote.

Na ile taa ya kijani? Taa ile imeunganishwa na swichi iliyo kwenye sanduku la gia. Inajua mkono uko wapi, basi. Haijui lolote kuhusu habu. Ni kama programu inayoandika "ujumbe umetumwa" kabla ya kuhakikisha umefika. Nimewahi kuandika programu ya namna hiyo, nikalaumu watumiaji kwa siku mbili.

Nilifunga habu zote mbili, lakini hatukutoka hapo hapo, kwa sababu tayari nilikuwa nimechimba kaburi. Watu wengi hudhani fobaifo maana yake magurudumu yote manne yanavuta daima. Sivyo. Kila ekseli ina difu, na difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwa gurudumu lililo jepesi kuzunguka. Likiwa moja la mbele na moja la nyuma yanateleza, mengine mawili yatakutazama tu. Ndiyo maana ukiona umeanza kuteleza uache mafuta mara moja. Kukanyaga ni kuchimba. Jirani alileta jembe, tukaondoa matope mbele ya kila tairi, tukatandika mawe na matawi ya msaiprasi. L4, gia ya pili, nikaachia klachi taratibu bila kuongeza mafuta mengi. Gari likapanda juu kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Ile L4 inaongeza nguvu ya kuvuta zaidi ya mara mbili na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho, kwa hivyo haihitaji fujo.

Hapo ningeandika mwisho, lakini nilifanya kosa la pili, na hilo lingetugharimu zaidi.

Tulipofika kwenye lami nilirudisha mkono hadi H4 na kuuacha hapo. Nilijiambia magurudumu manne ni salama kuliko mawili. Tulipokaribia Naivasha mvua ilikuwa haijanyesha, lami ilikuwa kavu. Kwenye kona usukani ulikuwa mzito na tairi zikalia. Tulipoingia uwanja wa kliniki nikakata kona kali, na gari likasita kama mtu amevuta breki ya mkono. Chini kukalia "tak!" Nikajaribu kurudisha mkono H2. Umekwama. Nikauvuta kwa mikono miwili. Baba akanishika mkono (alidhani nitauvunja, na kweli ningeuvunja) halafu akaonyesha kwa kidole gumba: nyuma.

Nikarudi nyuma moja kwa moja, mita tano hivi, usukani ukiwa umenyooka. Mkono ukateleza wenyewe.

Sababu ni hii. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hivyo propela ya mbele inataka kuzunguka haraka kuliko ya nyuma. Lakini kwenye Hilux hii H4 inazifunga pamoja, hakuna difu ya katikati ya kuziachia zitofautiane. Kwenye matope hakuna shida, tairi zinateleza kidogo na deni linalipwa. Kwenye lami kavu haziteleki kirahisi, kwa hivyo msokoto unabaki ndani ya propela, ekseli na meno ya gia, na kila kona inaongeza. Mwishowe meno yanabanana hata mkono hautoki. Wenzangu wa programu mnaijua hali hii, pale michakato miwili inashikana na kila mmoja anangoja mwenzake aachilie. Lazima mmoja arudi nyuma. Ukilazimisha, kitu kinavunjika, na si kile cha bei rahisi.

Tafadhali usimwige jirani mwenye Land Rover Defender au Prado yenye fobaifo ya wakati wote. Hizo zina difu ya katikati, kwa hivyo anaweza kwenda kwenye lami bila shida mradi hajaifunga. Pikapu kuukuu nyingi hazina. Soma mwongozo wa gari lako, au mwulize aliyekuwa akiliendesha.

Haya mengine nayapitia haraka. Msimu wa mvua mimi hufunga habu kabla ya kutoka nyumbani, si nikiwa nimezama magotini. Habu zikiwa zimefungwa na mkono uko H2, unaweza kupita lami bila kuharibu kitu, ila mafuta yatatumika zaidi kidogo. Kuingia H4 unaweza kufanya ukiwa unatembea polepole na umenyoosha. Kuingia L4, simama. Ukishuka mteremko wa matope, L4 gia ya kwanza, toa mguu kwenye klachi na uiache injini ishikilie gari. Na kila mwezi tembea kwa H4 kilomita kumi na kitu kwenye murram ili oili ifike kila mahali. Kuhusu breki, magurudumu yote manne hushika breki hata ukiwa H2, kwa hivyo fobaifo itakusaidia kuondoka kwenye matope lakini haitakusaidia kusimama. Nimewaona wengi mtaroni waliosahau hilo.

Siku ile tulimkuta muuguzi bado yupo, dawa tukapata. Baba sasa anaongea kidogo kidogo. Lakini kila nikiwasha gari bado ananizungushia ule mkono wa kushoto dirishani, hata kama ni kiangazi, na mimi nashuka nakwenda kuangalia.

Hifadhidata ni wiki ijayo, nimeahidi tena. Kwa sasa natoka nje kuzungusha habu kwenye FREE, maana kesho nashuka Nairobi na safari ni lami tupu.