Maziwa ya Usiku

Mkaza mwanangu yumo ndani ya arobaini yake, na kila usiku mtoto humwamsha mara tatu au nne. Wapo wanaomshauri ampe chupa usiku ili naye alale. Nia yao ni huruma. Lakini Mola ameuwekea mwili wa mama saa yake, wala hakuiweka bure.

Prolaktini, homoni iletayo maziwa, hupanda zaidi usiku kuliko mchana. Mtoto anyonyapo wakati huo, huagiza maziwa ya kesho. Tena maziwa ya usiku yana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo katika maziwa ya mchana huwa haba mno. Kitoto kichanga hakijaweza kuitoa chenyewe kwa mpango wa usiku na mchana mpaka kifikie miezi kama 3. Kwa muda huo hupokea ya mamake.

Asiyeweza kunyonyesha hana lawama. Anayeweza, tumsaidie bila kumkatiza: baba ambadilishe mtoto nepi na kumbembeleza, nasi wakongwe tushike jiko mchana, mzazi apate kulala. Usiku ni wake na mwanawe; mchana ni deni letu.