Tumbo Lina Masikio

Hapa Nakuru tumbo likikusumbua wiki mbili, kila mtu ashajua ni vidonda. Jirani anakuletea maji ya kabeji, shosho anakukataza maharagwe, na wa duka la dawa anakuuzia omeprazole bila kukuuliza kitu. Mimi nimepitia yote. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa naendesha siku tatu, kisha nafunga choo wiki nzima. Nilijua kila choo cha kulipia mjini. Mitihani miwili nilitoka katikati, nimeshika tumbo. Karo nayo ikaisha, nikarudi nyumbani.

Kipimo cha kinyesi: safi. Kamera kooni: safi. "Huna kitu," nikaambiwa, halafu nikapewa bili.

Kumbe hiyo "hakuna kitu" iko na jina, IBS. Utumbo hauna kidonda. Shida iko kwenye mawasiliano kati yake na ubongo. Neva zinapiga nduru kwa gesi ambayo wewe hata hungeisikia.

Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake kule Manchester waliwachukua wagonjwa 30 ambao dawa zilikuwa zimewashindwa. Nusu walipewa ushauri nasaha na vidonge visivyo na dawa, nusu wakapata vipindi 7 vya hipnosisi, kila kimoja nusu saa. Hao wa hipnosisi ndio waliopata nafuu kubwa. Tangu 2008 mwongozo wa NICE, Uingereza, unataja tiba hii kwa wale ambao dawa hazijawasaidia kwa miezi 12.

Mama ni mtu wa kanisa. Kusikia tu hipnosisi, akasema hayo ni mapepo. Namwelewa, sinema zimetuharibu na ile saa ya kuning'inia. Lakini hulali wala hutawaliwi na mtu. Unalegezwa kwa maneno, unaweka mkono tumboni usikie joto, unawaza mto ukitiririka polepole. Mimi huwaza Mto Njoro, siku ambazo una maji.

Mtaalamu wa kumlipa sina, kwa hivyo natumia rekodi kwenye simu, kila usiku. Si muujiza. (Na ukiona damu chooni au unakonda ovyo, wacha rekodi, nenda hospitali.) Tumbo bado hukata, ila siku hizi napanda matatu hadi Nairobi bila kuuliza kama tutasimama Naivasha.

Juzi Mama aliuliza, "Huyo mzungu huwa anakuambia nini usiku wote?" Nikampa simu asikilize. Alikuwa anakoroma kabla hata hatujafika mtoni.