Kalamu Nyepesi kwa Mkono wa Awoowe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walioacha methali hii hawakutaja daftari liandikwe kwa wino gani, na yamkini hawakuona haja. Lakini kwa mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Diff katika Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia, swali la wino lilikuwa zito kuliko methali yenyewe.

Babu yake alikuwa mwalimu wa duksi kwa miaka mingi. Yeye humwita Awoowe, kama ilivyo ada ya Wasomali, naye babu humrudishia mjukuu neno lilo hilo: Awoowe. Wino aliouzoea mzee huyu ni ule wa mkaa uliosagwa, ukakorogwa kwa maji na gundi ya mgunga. Kwa wino huo na kalamu ya kijiti, watoto huandika aya kwenye loox, yaani ubao wa mti. Wakishazihifadhi, ubao huoshwa na kuandikwa upya. Wino wa duksi haukuundwa ili ukae. Kazi yake ni kuondoka, maana maneno yakishaingia kifuani ubao hauna deni tena.

Nasaba ni jambo jingine. Wasomali huiita abtirsi, hesabu ya majina kutoka kwa mwana hadi kwa babu wa mababu, na huko kaskazini mashariki mwa Kenya hesabu hiyo haikuwa pambo la mazungumzo ya jioni. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya wa asili ya Kisomali, na waliothibitishwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Hata miaka mingi baadaye, kijana aliyetaka kitambulisho alihojiwa na kamati kuhusu wazazi na mababu zake, hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa uhakiki huo wa ziada. Mwanafunzi huyu alihojiwa kabla ya tangazo hilo. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Ile iliyokuwapo, iliyoandikwa kwa wino wa dukani, ilikuwa imelowa katika mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, kabla hajazaliwa. Nyumbani bado wameihifadhi, madoa ya samawati yasiyosomeka.

Uhakiki umeondoka, lakini mkono wa Awoowe umeanza kutetemeka. Mzee alitaka kuyaandika majina hayo mwenyewe, pamoja na majina ya visima na ya malisho ambayo ukoo ulihamia na kuhama. Mjukuu alipojitolea kuandika kwa niaba yake, jibu lilikuwa fupi: “Hapana, Awoowe. Anayeandikiwa husubiri kusomewa.”

Biro haikufaa. Ili iandike ni sharti igandamizwe, na vidole vya mzee huuma vikigandamiza. Kalamu ya kujazwa wino humwaga kwa kugusa tu. Hata hivyo, wino wa mkaa hauwezi kuingizwa humo, kwa kuwa chembe zake na gundi yake huziba njia. Nao wino wa rangi tupu ulikwisha kuonyesha tabia yake mwaka wa mafuriko. Ukabaki wino wa chuma. Huu hutokana na tanini, ambayo zamani ilitolewa katika vinundu ambavyo mwaloni huota pale nyigu wadogo wanapotaga mayai, ikachanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Hutoka kwenye nibu ukiwa hafifu; hewa ikishaugusa, chuma kile hubadilika na kukolea weusi usioyeyuka, ukiwa umekwisha kuzishika nyuzi za karatasi. Siku hizi huongezwa rangi ya samawati ili mwandishi aone anachoandika wakati weusi ungali njiani. Codex Sinaiticus, nakala ya Biblia ya karne ya 4, iliandikwa kwa wino wa jamii hii. Gundi ya mgunga, kwa njia, huvunwa Wajir kwenyewe. Ni mwaloni tu usioota huko.

Kasoro yake ni ukali. Wino huu una asidi, na ule wa kale ulitoboa hata karatasi za muziki wa Johann Sebastian Bach. Ulioundwa kwa ajili ya kalamu za leo ni mpole zaidi, lakini bado huweza kuila nibu ya chuma hafifu, na ukikaukia ndani huacha mashapo. Nibu ya dhahabu hailiki, lakini ni nani wa kuinunua kwa fedha za mkopo wa masomo? Kwa hiyo mwanafunzi alitafuta vitu vitatu kwa pamoja: nibu ya chuma kisichoshika kutu upesi, kifuniko kisichopitisha hewa ya joto la Diff, na wepesi. Pilot Metropolitan aliisifu, akairudisha: mwili wake ni wa shaba nyeupe, na gramu zake zipatazo 26 ni mzigo kwa mkono unaotetemeka. Lamy Safari, ya gramu zipatazo 17, ilikaribia, lakini mshiko wake wenye pembe humlazimisha mtu kuishika kwa namna moja, ilhali mzee aliyezoea kijiti hulazimishwi vidole uzeeni.

Akaishia kwenye Preppy ya Platinum, ya Kijapani. Ni plastiki tupu, haifiki gramu 15, na bei yake ng’ambo ni dola chache. Ndani ya kifuniko mna kifuniko kingine kidogo chenye springi, kinachoiziba nibu isikauke. Kifaa cha kufyonzea wino huuzwa peke yake na huweza kuishinda kalamu kwa bei, jambo la kuchekesha. Yeye alijaza kibomba kilichokwisha kwa bomba la sindano. Nibu nyembamba sana aliikwepa. Awoowe huandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo huisukuma nibu badala ya kuivuta, na nyembamba hukwaruza.

Wino ndio uliomsumbua. Chupa ya kwanza ilikuwa na maandishi ya “bluu-nyeusi”, naye akaamini jina. Aliandika mstari, akasubiri siku tatu, akadondoshea maji: ukaondoka wote. Jina la rangi si ushahidi wa chuma. Chupa ya pili, Platinum ya bluu-nyeusi, ililetwa na binamu yake kutoka Minneapolis, nayo ilishinda jaribio lile lile.

Likizo ilipofika, alisafiri kupitia Garissa, chupa ikiwa imefungwa kwa mifuko miwili. Alimweleza mzee kuwa kila baada ya majuma machache kalamu ioshwe kwa maji safi. “Nimeosha mbao miaka yote,” akajibu Awoowe, “nitashindwa na kijiti hiki?” Akaandika majina saba, akasimama, akalalamika kwamba wino ni mwepesi kama maziwa yaliyotiwa maji.

Siku ya nne alilifungua daftari mwenyewe. Majina yalikuwa meusi. Akaitisha kikombe cha maji, na kabla mjukuu hajasema neno, akaumiminia ukurasa kama aoshavyo ubao. Maji yalitiririka yakiwa ya samawati, yakanyonywa na mchanga. Mzee akauinua ukurasa juani, akasoma jina la kwanza hadi la saba kwa sauti, kisha akanyoosha mkono apewe kalamu.