Pima Programu Yako na Jina la Shosho

Wasee, wacha niwaambie vile herufi moja iliniaibisha.

Mwaka jana nilitengenezea mama fulani wa duka la kuchapisha hapa Thika programu ndogo ya kompyuta. Unajaza majina, picha na ratiba, inakupa kijitabu cha mazishi tayari kuchapwa. Kwa laptopu yangu ilikuwa safi kabisa, na fonti moja tamu niliyopakua mahali.

Kwa kompyuta yake, hiyo fonti haikuwa. Mashini ikaokota nyingine tu, mistari ikamwagika nje ya ukurasa, na kwa jina Wanjikũ, ile ũ ikatoka kisanduku kitupu. Nakala zilikuwa zimeshachapwa. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, hawa watu wanazika mama yao na wewe umewaharibia jina lake."

Aki sikuwa na jibu.

Makosa yalikuwa yangu. Nilidhani fonti inafuata programu yenyewe. Haifuati. Ukishatoka kwa mashini yako, unategemea ile itapatikana huko mbele. Dawa ni kuweka faili ya fonti ndani ya folda ya programu, kisha uiambie isome hapo. Na usiniambie ati itakuwa nzito: Noto Sans ya kawaida haifiki hata MB 1.

Lakini kuna mtego wa pili. Fonti ni jasho la mtu na ina leseni. Ile yangu ilikuwa ya bure kwa matumizi binafsi pekee. Kuifunga ndani ya kitu unauza ni maneno mengine. Hata ukinunua fonti, soma kwanza kama umeruhusiwa kuisambaza.

Siku hizi natafuta zenye SIL Open Font License. Hiyo inakubali uifunge na programu, hata ya kuuza, bora uweke pamoja nakala ya leseni na jina la mwenye hakimiliki, na usiuze fonti peke yake. Noto iko hapo, na ĩ na ũ zote inazo.

Zile nakala tulirudia kwa pesa zangu. Mtu anaweza kusamehe rangi mbaya, lakini si jina la mamake.

Kwa hivyo leo fungua programu yako kwa kompyuta ya mtu mwingine, uandike jina la shosho yako. Halafu urudi hapa uniambie umeona nini.