Springi za Fundi Wetu

Kosa hili ni langu, na ni vema niliungame mapema. Mwaka 1997, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, fundi wetu wa karakana aliunda mashine ya kupukuchua mahindi. Mashine za namna hiyo zilikuwapo tele. Jipya lilikuwa ndani. Alifunga springi za tandiko la baiskeli kuukuu nyuma ya bamba lenye meno, hata bamba likawa linajisogeza lenyewe kufuata unene wa gunzi, na punje hazikuvunjika.

Nilifurahi kama mzazi. Nikamwambia, "Fundi, hii lazima watu waione." Nikaipakia kwenye lori la chuo hadi uwanja wa Nane Nane, nikasimama mwenyewe mbele ya umati, kwa chaki na ubao, nikieleza kila springi inakaa wapi. Mwalimu haachi ualimu wake, hata pale unapoleta hasara.

Msimu uliofuata mashine kama ile zilikuwa zinauzwa mjini, springi palepale.

Fundi hakulalamika. Aliuza mbuzi wawili akampa mtu mmoja aliyejiita wakili, mwenye mkoba na mihuri mingi, aliyeahidi "kuisajili dunia nzima". Hatukumwona tena. Laiti tungalijua, tungaliuliza kwanza kama jina lake limo katika daftari la mawakili linalotunzwa na Mahakama Kuu, na kama cheti chake cha kufanyia kazi ni cha mwaka ule. Ni swali la dakika chache, wala wakili wa kweli halimuudhi.

Wakili wa kweli tulimpata mwaka 2000, wakati BRELA, wakala wa usajili, ilikuwa changa bado. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Nani ameshaiona?" Nikajibu kwa fahari, kabla sijaelewa: "Mkoa mzima!"

Akaweka kalamu chini. Hataza, alisema, hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, usio dhahiri kwa fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na unaoweza kutumika katika uzalishaji. Upya huo hupimwa kwa dunia nzima, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ndiye mwenyewe. Ziko nchi zinazomwonea huruma mvumbuzi aliyejianika. Kenya, kwa mfano, humpa miezi 12. Sisi tulikuwa na miaka mitatu. Kumweleza wakili, kumbe, si kuanika, maana yeye amefungwa kutunza siri ya mteja. Huko ndiko nilikopaswa kumpeleka fundi kabla ya kuwasha lori.

Akatufunza na jingine ambalo nimelikumbuka sana. Fundi aliandika katika daftari lake: "Mashine ya kupukuchua mahindi." Wakili akalifuta. Kwa maneno hayo, alisema, angenyimwa, kwani mashine hizo si zake. Chake kilikuwa lile bamba na springi zake tu, na sehemu ya ombi iitwayo madai ndiyo huweka mpaka huo, kama mawe ya mpaka wa shamba. Ukidai pana mno unakataliwa; ukidai finyu mno jirani anapita pembeni. Kazi hiyo haifanywi na kila wakili. Wengi ni hodari wa ardhi na mirathi, kwa hiyo yafaa kumwuliza ameshaandika madai mangapi, na gharama aziandike.

Tena cheti cha BRELA ni cha Tanzania Bara. Zanzibar ina usajili wake. Anayetaka nchi kadhaa za Afrika anaweza kupitia ARIPO, yenye makao Harare. Na ulinzi una kikomo: miaka 10, inayoweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5.

Tulirudi kwa basi. Nilitafuta maneno ya kumwomba radhi, nikashindwa, mimi niliyehutubia mahafali kadha wa kadha. Karibu na kituo chetu akasema mwenyewe, bila hasira: "Mkuu, ulitaka watu waione. Wameiona."

Majuzi kijana wa jirani alikuja na kitu alichokifunika kwa gunia, akisema, "Shikamoo babu, nataka nikuonyeshe." Nilimwambia asikifunue. Nikampa nauli ya kwenda kwa wakili, naye akaondoka akishangaa, gunia begani. Mpaka leo sijui ndani mlikuwa na nini.