Anayefungwa Anatoka

Kijana mmoja wa Gredi ya Tisa, aliyekwenda Keroka likizo ya Agosti kuwatembelea jamaa zake, aliokota memori kadi kwenye droo akauliza ni ya nini. Aliambiwa ni ya PlayStation 2, inabeba megabaiti 8, na kwamba ligi nzima ya kandanda ilikuwa ikihifadhiwa humo. Akasema picha tatu tu za simu yake zingeijaza. Kisha akarudi kwenye eFootball yake, akicheza na mtu asiyemjua jina wala nchi.

Kijana huyo hana kosa. Hakuna aliyemwambia. Lakini mwandishi wa makala haya, aliyekulia upande wa Nyamira na kumalizia ujana wake mjini Kisii, ameona ni heri jambo hili lisemwe wakati wanaolikumbuka bado wapo. Kwa miaka mingi gemu katika milima hii haikupimwa kwa uzuri wa picha zake. Ilipimwa kwa kile walichopata wale walioketi kwenye benchi wakisubiri zamu.

Mwanzo ulikuwa TV gemu. Ndivyo kila mtu alivyoiita ile mashine nyepesi ya plastiki, yenye pedi mbili na bunduki, iliyouzwa kwenye maduka ya redio. Nyingi zilikuwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani mwaka 1983, na nakala hizo zilitengenezwa Uchina na Taiwan. Kaseti iliandikwa kwamba ina gemu 9999999, kumbe zilizokuwemo ni chache, zikirudiwarudiwa kwa majina mapya. Contra ya Konami ilitoka kwenye mashine za kumbi mwaka 1987 na kwenye kaseti za nyumbani mwaka 1988. Ilipofika vijijini Nyamira, hesabu hiyo ya miaka haikumhusu mtu tena. Ilikuwa mpya kwa sababu ilikuwa imefika.

Katika soko dogo kwenye barabara ya kwenda Nyansiongo kulikuwa na mama mwenye duka. Mbele aliuza mafuta ya taa kwa kipimo, sabuni ya kipande, mkate na ndizi mbivu. Nyuma ya pazia la leso aliweka runinga ya Great Wall, ile ndogo isiyo na rangi, ikitumia betri ya gari. Harufu ya chumba kile haijawahi kumtoka mwandishi puani: mafuta ya taa, ndizi zilizoanza kulainika, matope ya gambuti za watoto waliotoka kuchuma majani chai, na juu ya yote ule moshi mwembamba wa plastiki kutoka kwenye adapta iliyochemka tangu asubuhi. Jumamosi watoto walichuma majani mpaka saa sita, wakalipwa kwa kilo, na sehemu ya pesa hizo ikaishia kwenye mkebe wa kakao alioutumia mama huyo kama sanduku. Bonasi ya chai ilipotoka, benchi lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia ya mahindi.

Mama mwenyewe hakucheza hata siku moja. Lakini aliijua biashara yake. Contra ilimpa kila mchezaji maisha matatu, na alitoza kwa maisha, si kwa dakika. Basi alipogundua kwamba kuna watoto wanaobonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A mwanzoni kabisa na kupata maisha 30, alijifunza kuvitazama vidole. Kidole gumba kikienda juu mara mbili, alichomoa waya. Hakugomba. Alichomoa, akarudisha pesa, akamwita anayefuata. Watoto walimheshimu kwa hilo, kwa sababu waliosubiri walijua hakuna atakayewakalia zamu yao.

Contra ndiyo gemu bora kuliko zote zilizowahi kuchezwa nyuma ya pazia lile. Wawili walicheza pamoja kwenye skrini moja, na skrini haikuwangoja wote wawili. Kwenye ile hatua ya maporomoko ya maji, aliyetangulia kuruka juu aliivuta picha, na mwenzake aliyebaki chini akafa hapo hapo. Mwenye haraka alimuua rafiki yake bila kumpiga risasi. Isitoshe, katika gemu ya rangi mmoja alivaa suruali ya buluu na mwingine nyekundu. Kwenye Great Wall ile wote wawili walikuwa wa kijivu. Ilibidi waongee. "Niko kushoto, mimi ndiye nimeshika S!" Benchi zima lilisaidia kupiga kelele. Gemu iliyowalazimisha watoto wawili wa darasa la tano kupanga mwendo wao kwa maneno, huku wengine kumi wakiwa mashahidi, ilistahili kila shilingi.

Battle City ya Namco, ile ya vifaru vya kulinda tai, ilikuja ya pili. Hapo pia risasi ya mwenzako ilikugandisha, kwa hiyo ugomvi ulikuwa mwingi na upatanisho pia. Duck Hunt ilipendwa kwa sababu ya bunduki, na ilichukiwa kwa sababu ya yule mbwa anayekucheka ukikosa bata. Leo ukiichomeka bunduki ile kwenye runinga bapa haifanyi kazi, kwa maana ilitegemea mwanga wa runinga za kioo kinene.

Halafu kulikuwa na radi. Nyanda za juu za Kisii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima mchana na kukutana na ule wa mashariki, na kufikia saa tisa au saa kumi mbingu imeshavimba. Saa tisa ndiyo saa ambayo watoto wa shule walianza kuachiliwa. Ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa Manga, mama alichomoa antena, akachomoa betri, akafunika runinga kwa gunia. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na msiba wa radi kiliokumbuka.

Watoto hawakuondoka. Mvua ilipiga mabati, chumba kikawa giza, na gemu ikaendelea kwa mdomo. Kulikuwa na mvulana mmoja, mnyonge kabisa akishika pedi, aliyeweza kuisimulia Contra yote kutoka msituni, kupitia uwanja wa theluji ambao hakuna aliyeketi pale aliyewahi kuuona kwa macho, mpaka kwenye ule moyo unaodunda wa adui wa mwisho. Alikuwa hajafika huko kwa mikono yake. Alifika kwa kutazama wengine. Huyo ndiye ambaye benchi lilimlea, na hakuna gemu ya simu itakayomlea mtu wa namna hiyo.

PlayStation ilipoingia mjini Kisii mambo yalihamia kwenye vyumba vya kukodi karibu na stendi na kuelekea Daraja Mbili. Umeme ulikuwa wa ukutani, runinga zilikuwa za rangi, na mlangoni paliandikwa kwa chaki kanuni iliyotawala mji mzima: anayefungwa anatoka. Mashine ya kwanza ikichoka lenzi iligeuzwa kichwa chini miguu juu, ikasoma sidii tena. Ya pili, PlayStation 2, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000 na imeuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Kisii iliendelea kuichezea muda mrefu baada ya PlayStation 3 kutoka mwaka 2006.

Hapa mwandishi ana msimamo na haubadilishi. Pro Evolution Soccer 6, yaani PES 6, iliyotoka 2006, ndiyo gemu ya kandanda kubwa kuliko zote. FIFA ya miaka ile ilikuwa na majina halali na jezi halali, lakini mpira wake uliteleza kana kwamba umefungwa kwa uzi mguuni. Katika PES mpira ulikuwa kitu huru. Uliweza kukuponyoka. Chelsea iliitwa London FC, Liverpool iliitwa Merseyside Red, na hakuna mtoto wa Kisii aliyehitaji kuelezwa. Kabla yake, katika Winning Eleven za Kijapani, mtangazaji alinguruma lugha ambayo hakuna aliyeifahamu, na bado vijana wa Jogoo na Nyanchwa waliweza kumwigiza neno kwa neno bao linapoingia. Kasoro ya PES 6 ilikuwa moja: Adriano wa Inter, aliyepewa nguvu ya shuti 99. Vyumba vyenye busara viliweka sheria kwamba Inter haichukuliwi.

Kwa sababu hiyo hiyo Tekken 3, ile ya mapigano, ingekuwa kamilifu bila Eddy Gordo. Mtu aliyejifunza kwa wiki nyingi kumchezesha Jin au Hwoarang aliondolewa na mgeni aliyebonyeza vitufe vyote kwa kiganja, miguu ya Eddy ikizunguka kama pangaboi. Benchi halikujifunza chochote kutoka kwa ushindi wa namna hiyo.

Grand Theft Auto: San Andreas, ya Oktoba 2004, ilikuwa na hadithi ndefu ya CJ na ndugu zake. Vyumbani wachache waliijua, maana bila memori kadi kila nusu saa ilianza upya palepale. Watu wakaifanya gemu nyingine kabisa: daftari la shule lililojaa misimbo inayoanza na R1, R2, L1, R2, kifaru kikishuka kutoka hewani, na polisi wakija. Ilifurahisha kwa kuchezwa, ilichosha kwa kutazamwa. God of War ya 2005 ilikuwa kinyume chake. Mmoja alicheza, wote wakatazama, na mwenye memori kadi aliheshimiwa kwa sababu yeye ndiye aliyebeba kesho ya hadithi.

Na memori kadi ilikuwa na kazi nyingine. PES iliruhusu kuhariri timu, basi katika chumba kimoja vijana waliifuta klabu ya Ulaya wakaandika Shabana, klabu ya nyumbani Kisii. Wakaipa jezi, wakaiweka Gusii Stadium kwa jina, na mbele wakampanga Henry Motego, mshambuliaji ambaye wengi wao walimjua kwa masimulizi ya baba zao tu. Walibishana jioni nzima kuhusu kasi yake. Aliyekuja na mzee wake kuamua ubishi ndiye aliyeshinda.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. PlayStation 3, PlayStation 4, malipo kwa saa badala ya kwa mechi, viti vya plastiki badala ya benchi. PES ikageuzwa eFootball mwaka 2021, ya bure, ambayo pesa zake zinatoka kwenye kuuza wachezaji ndani ya gemu. FIFA ikawa EA Sports FC mwaka 2023. PUBG na Free Fire zikaingia simuni. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni alisajiliwa na timu ya kulipwa kuwa mchezaji wa Tekken, jambo la fahari kweli kweli. Lakini katika vyumba vingi vilivyokuwa vya gemu kando ya barabara ya Keroka, vijana sasa wanatazama ule mchezo wa kamari wa ndege inayopaa, kila mmoja kwenye simu yake, wakipoteza pesa za majani chai kimyakimya. Hilo linauma. Yule mama aliyechomoa waya kulinda zamu ya mtoto wa mwisho kwenye benchi angelifunga duka kabla ya kuliruhusu.

Shabana ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023 na Gusii Stadium hujaa. Bado mwandishi hajaiona klabu hiyo kwenye gemu yoyote kubwa ya kandanda. Wakenya wameshatengeneza gemu zao: Ma3Racer ya matatu, na Nairobi X mwaka 2015. Kisii ina chuo kikuu chenye wanafunzi wa kompyuta, na uwanja uko mjini hapo hapo. Ombi la mwandishi kwao ni kwamba wakianza kuitengeneza gemu ya Shabana, waanze na pedi mbili kwenye skrini moja, na duka la kununua wachezaji wasiliweke kabisa.